Nimehama, waya umebaki, deni limenifuata: barua ya wazi kwa wanaosimamia mawasiliano

Kwa Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano katika Serikali ya Muungano. Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano katika Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Na Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar.

Waheshimiwa,

Assalaamu alaykum. Nawaandikia kutoka Fuoni, nilikohamia hivi karibuni nikitokea Mpendae, kuhusu mikataba ya intaneti ya waya tunayofungiwa majumbani. Nina jambo moja la kudai, na bora niliseme mwanzo: mteja akihama nyumba, mkataba ama uhame naye, ama uishie mlangoni. Hivi sasa haufanyi hili wala lile. Huduma inabaki kwenye nyumba aliyoiacha, na deni linapanda gari ya keri pamoja na magodoro.

Jina la kampuni yangu sitalitaja. Niliwaomba majirani na wafanyakazi wenzangu wenye mikataba ya kampuni nyengine wanionyeshe karatasi zao, na kifungu cha kuhama, pale kilipo, kinafanana na changu kana kwamba kimepigwa kopi. Kumtaja mmoja ni kuwasafisha wengine.

Chukueni kwanza muda wa mkataba wenyewe. Wangu ni wa miezi 24. Sasa nendeni Mpendae, Magomeni, Jang'ombe au Mombasa kwa Mchina, mtafute mpangaji mwenye mkataba wa nyumba wa miezi 24. Hamtampata kirahisi. Hapa mjini kodi inalipwa kwa mkupuo, miezi sita au mwaka, dalali anachukua chake, na makubaliano ni karatasi moja yenye saini za mashahidi. Wakati mwengine ni neno la mdomo tu, na watu wakaishi kwa heshima miaka kumi. Muda ukimalizika, mwenye nyumba akiitaka nyumba yake anaichukua. Kijana wake anaoa. Dada yake anarudi kutoka Maskati. Au kashauriwa na watu kwamba vyumba vile akivipaka rangi nyeupe na kuvitia kiyoyozi atapata wageni wa kulipa kwa dola. Simlaumu, mali ni yake. Ninachouliza ni hiki: kampuni inayomfunga mpangaji miezi 24 kwenye nyumba aliyolipia miezi sita, inadhani miezi 18 iliyobaki atakaa wapi? Mimi naamini jibu wanalijua vizuri kuliko sisi.

Yangu yalikuwa hivi. Mwenye nyumba wangu, mzee muungwana ambaye sina neno naye, aliniita baada ya sala ya Ijumaa akaniambia mwanawe anaoa mwezi wa Mfunguo Mosi, na nyumba ile ndiyo aliyomuahidi. Alinipa muda wa kutosha, na kodi iliyozidi alinirejeshea bila ya kuombwa. Mkataba wa intaneti wakati huo ulikuwa umetimiza miezi tisa. Kwa mwezi nalipa shilingi 65,000, na si kwa anasa. Mimi natengeneza hesabu za nyumba za wageni mbili tatu na kujibu maombi ya watu wanaotaka vyumba. Sehemu kubwa ya kazi hiyo naifanya usiku nikiwa nyumbani, kwa sababu wageni wengi wapo Ulaya na Marekani na saa zao si saa zetu. Intaneti ikikatika kwangu, chumba cha mtu Jambiani hakiuziki.

Nikatoa taarifa mapema, na kampuni ikaleta fundi Fuoni. Kijana mpole. Aliegesha vespa yake chini ya mwembe, akatazama nguzo ya mbele ya nyumba, akafuata nguzo moja moja mpaka njia kuu, akarudi anajifuta jasho.

"Baba, kisanduku chetu cha mwisho kipo kule karibu na skuli. Waya haufiki hapa."

Nikamuuliza kama hauwezi kuvutwa.

"Unaweza. Lakini mita zishapita kiwango, na nikiuvuta kwa huruma yangu, ofisini watanikata mimi."

"Na hicho kisanduku kitasogea lini?"

"Hayo wanayajua wakubwa."

Nilimpa maji, akanywa, akaenda zake. Yeye hana kosa hata chembe, na kama barua hii itamfikia bosi wake, naomba asiulizwe kitu.

Ofisini, binti wa kaunta alinipokea vizuri, akaufungua mkataba wangu na kuniwekea kidole kwenye kifungu. Mkataba wote umeandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo za kumtoa mtu machozi, na kuhama kumetengewa mistari mitatu. Mteja akihamia mahali ambapo kampuni haina huduma, inasema mistari hiyo, atahesabika kuwa ameuvunja mkataba kwa hiari yake, na atalipa miezi yote iliyobaki. Miezi 15 mara 65,000 ni shilingi 975,000. Huku Fuoni hiyo ni zaidi ya kodi yangu ya miezi minne.

Kwa hiari yake! Mtu aliyetolewa kwenye nyumba kwa sababu ya harusi ya watu.

Nikarudi siku nyengine pamoja na bwana harusi, na hapa ndipo ninapoomba msome taratibu. Kijana yule naye anahitaji intaneti. Waya upo ukutani, kisanduku cha ndani kinawaka taa zake, hakuna pa kutoboa wala pa kugonga msumari. Mimi nataka kutoka, yeye anataka kuingia. Tukakaa viti viwili mbele ya binti yule yule, kila mmoja na kitambulisho chake cha Mzanzibari mkaazi mkononi, tukamwambia: tuandikie, miezi 15 iliyobaki ataichukua huyu.

"Mfumo haukubali," akasema.

"Haukubali nini, mwanangu?"

"Kubadilisha jina. Yeye afungue mkataba mpya, na wewe umalizie wako."

"Kwa waya ule ule?"

Akaitazama skrini, kisha akatutazama sisi. "Kwa waya ule ule, baba."

Bwana harusi alikuwa na mambo mengi wiki ile, akasaini. Miezi 24 mipya, na ada ya kufungiwa juu yake, ingawa hapakuwa na kitu cha kufunga: fundi alikwenda kubadilisha jina la waifai na nywila, basi. Kwa hiyo, waheshimiwa, kwa muda wa miezi 15 waya mmoja unaopita juu ya kibaraza kimoja cha Mpendae utaingiza shilingi 130,000 kila mwezi: 65,000 za anayeutumia na 65,000 za aliyehama. Nimeitafuta hasara ya kampuni katika hesabu hiyo, na hesabu ndiyo kazi yangu. Sikuiona.

Hata hivyo sitaki kusema kwamba kampuni haina haki yoyote. Kumfungia mtu intaneti ya waya kuna gharama ambayo haionekani kwenye ankara ya kila mwezi. Kuna fundi na ngazi yake, kuna waya wa kutoka nguzoni mpaka ukutani, kuna kisanduku na ruta vinavyoagizwa kutoka nje. Mara nyingi mteja halipi vitu hivi vyote siku ya kwanza. Kampuni inavibeba na kuvirudisha kidogo kidogo ndani ya miezi ya mkataba, na hapo ndipo hoja ya kumfunga mteja inapozaliwa. Naikubali. Lakini gharama hiyo ina kiasi, na kiasi hicho kinapungua kila mwezi unaolipwa. Aliyekaa miezi tisa kesharudisha sehemu yake. Ruta niliirudisha ikiwa nzima, na waya hatuuhesabu tena, kwa sababu sasa unamhudumia bwana harusi. Ama ule mtandao mkubwa unaofika mpaka nguzoni, huo haukujengwa kwa ajili yangu peke yangu. Katika mitandao ya namna hii uzi mmoja wa kioo unaotoka kituoni hugawanywa kwa nyumba nyingi, 32 au hata 64, na nyumba moja ikizima, nyengine zinaendelea.

Sheria yetu ya mikataba nayo haiko mbali na maneno haya. Zanzibar na Tanzania Bara, kila upande una sheria yake ya mikataba, lakini zote mbili zinatokana na Sheria ya Mikataba ya India ya 1872. Kifungu cha 74 cha sheria hiyo mama kinasema kwamba mkataba ukitaja kiasi cha kulipwa pale unapovunjwa, aliyevunjiwa atapata fidia inayostahili, isiyozidi kile kilichotajwa. Maana yake, kiasi kilichoandikwa ndio mwisho wa juu, na si kwamba lazima kilipwe chote. Mahakama ndiyo inayopima. Lakini ni mpangaji gani atakwenda mahakamani kwa ajili ya laki tisa na sabini na tano, aweke wakili, aache kazi zake, ashindane na kampuni yenye idara nzima ya sheria? Ndiyo maana tunakuja kwenu, ili jambo hili limalizwe kwa kanuni kabla halijafika kwa hakimu.

Wenzetu wameshalipitia. Ujerumani, sheria yao mpya ya mawasiliano iliyoanza kutumika tarehe 1 Desemba 2021 inasema hivi: mteja akihama, na kampuni inatoa huduma huko anakokwenda, lazima impelekee huduma ile ile bila ya kuanza kuhesabu upya miezi ya mkataba. Ikiwa haina huduma huko, mteja anaweza kuuvunja mkataba kwa taarifa ya mwezi mmoja. Hapatajwi hiari wala uvunjaji. Kuhama kunachukuliwa kuwa ni kuhama. Ufaransa, tangu sheria yao ya mwaka 2008, mteja wa mkataba wa miezi 24 akishapita mwezi wa 12 anaweza kutoka kwa kulipa sehemu tu ya kilichobaki, na sheria ile iliiwekea sehemu hiyo kikomo cha robo. Uingereza hawajafika huko, na mteja aliyehamia pasipo na huduma bado anaweza kudaiwa. Hata hivyo msimamizi wao, Ofcom, mwaka 2010 alizibana kampuni kubwa zipunguze tozo za kutoka mapema kwenye simu za mezani. Hoja yake ni ya mtu anayejua kuhesabu: mteja akishaondoka, kampuni imeokoa gharama ya kumhudumia, kwa hiyo haiwezi kudai pesa yote kana kwamba bado inamhudumia.

Sisemi tuige kila cha Ulaya. Nasema hata sisi tulikwisha kufanya jambo gumu kuliko hili. Mwezi wa Machi 2017 Tanzania iliruhusu mtu kuhama kampuni ya simu na namba yake. Kabla ya hapo tuliambiwa mengi kuhusu ugumu wa mitambo. Siku ilipofika, kampuni zilizokuwa zikinyang'anyana wateja zilikaa meza moja na mitambo yao ikasomana. Ikiwa namba inaweza kutoka kampuni moja kwenda kwa mshindani wake, vipi jina langu lishindwe kutoka na jina la bwana harusi liingie ndani ya kompyuta moja ya kampuni moja? Mfumo haukubali kwa sababu hakuna aliyeuamrisha ukubali.

Angalieni pia umeme. Nilipotoka Mpendae mita ya TUKUZA, ile ya kununua umeme kabla ya kutumia, niliiacha ukutani, bwana harusi akanunua umeme wake kwa namba ile ile ya mita, na ZECO, shirika letu la umeme, hawakunitafuta. Umeme unakwenda na nyumba, kila mtu anajua. Ingekuwa intaneti nayo inakwenda na nyumba, nisingelalamika, ningeiacha kama nilivyoacha mita. Ingekuwa inakwenda na mtu, ningeondoka nayo. Kampuni zimechagua vyote viwili kwa wakati mmoja: ikifika kutoa huduma ni ya nyumba, ikifika kulipwa ni ya mtu.

Wapo watakaosema, nunua ruta ya laini ya simu, uitie mkobani, uhame nayo popote. Ndiyo ninayoitumia sasa. Asubuhi haina neno. Baada ya isha, wakati ndio kwanza kazi yangu inaanza, mtaa mzima unakuwa kwenye mnara mmoja na picha ya chumba inachukua muda wa kupika chai. Na bando la kiasi kile kwa mwezi si bei ya waya. Kwa hiyo nalipa mara mbili: huku kwa kinachosuasua, kule kwa nisichokiona.

Msidhani ni wapangaji wa mjini tu. Mtumishi wa umma anapewa barua ya uhamisho kutoka Unguja kwenda Wete au Chake Chake, kisiwani Pemba; hakuiomba, na akikataa anajua kitakachomfika. Anapanda boti na familia yake, na nyuma anaacha mkataba wa intaneti wa nyumba ya Kiembesamaki. Mwanafunzi aliyepanga karibu na chuo kikuu cha SUZA, Tunguu, anamaliza masomo mkataba haujamaliza. Watu wa Kwahani walipisha ujenzi wa mji mpya kwa amri ya Serikali yenyewe. Mtu kama huyo naye utasema kauvunja mkataba kwa hiari? Mfanyakazi wa hoteli ya pwani anajua kwamba masika ikiingia na wageni wakipungua, huenda akarudi kwao. Na yupo mwanamke ambaye mkataba upo kwa jina lake na amefiwa na mume. Kampuni inamtaka aje mwenyewe kaunta, aweke alama ya kidole, ndipo ombi la kusitisha lipokelewe. Yupo eda, miezi minne na siku kumi. Ankara haikai eda.

Kuna na wale wanaohamia Mji Mkongwe, ambako kampuni ina huduma lakini mambo yanakwenda kwa mwendo wake. Ule ni mji uliomo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, hutoboi ukuta utakavyo, na sawa kabisa. Kuta zenyewe za mawe na chokaa ni nene kiasi kwamba waifai ya chumba hiki haijui kilichomo chumba cha pili. Lakini siku zote ambazo kibali kinasubiriwa na fundi anasubiriwa, mteja hana huduma na ankara inakuja. Siku zisizo na huduma zisihesabiwe. Hili halina haja ya mjadala mrefu.

Nakuja kwenu ninyi wenyewe sasa. Mawasiliano ni jambo la Muungano, kwa hiyo kampuni hizi zinasimamiwa na TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Zipo pia Kanuni za Kumlinda Mtumiaji za mwaka 2018, na utaratibu wake wa malalamiko unaeleweka: anza kwa mtoa huduma, usiporidhika njoo kwa Mamlaka. Upande wa Zanzibar nako tuna Sheria ya Ushindani Halali wa Biashara na Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2018, yenye Tume yake. Mkataba wangu nimeusaini Unguja, kwa nyumba ya Unguja, mbele ya wakala wa Unguja. Mwananchi wa kawaida anabaki anajiuliza agonge mlango upi, na kampuni haina haraka ya kumwelekeza. Ninachoomba si kuanzishwa kwa ofisi nyengine. Kaeni ninyi kwa ninyi, TCRA na Tume, mtoe tamko moja kwa Kiswahili linalosema malalamiko ya mkataba wa intaneti ya nyumbani Zanzibar yanapokelewa wapi na yanajibiwa kwa muda gani. Libandikwe kwenye kaunta ya kila kampuni, pale pale ambapo wanabandika matangazo ya ofa.

Najua kampuni zitakuja na hofu yao: tukiruhusu, kila aliyechoka atasema kahama. Wanasema kweli kwamba watu wajanja wapo. Lakini sisi Zanzibar tuna sheha, kiongozi wa Serikali anayesimamia shehia, yaani mtaa wake. Mtu hahamii mtaa wa watu kimyakimya. Sheha wa alikotoka anajua, na sheha wa alikofikia anataka kumjua. Barua mbili za sheha, ya kutoka na ya kuingia, zinatosha kuthibitisha kwamba mtu kahama kweli. Tunazitumia kwa kitambulisho, kwa skuli za watoto, kwa mambo mazito kuliko ruta. Kwa mtumishi, barua ya uhamisho. Anayetoa uongo achukuliwe hatua.

Kwa hiyo iandikwe kwenye kanuni kwamba mteja aliyehamia penye huduma apelekewe huduma yake ndani ya muda uliotajwa, kwa mkataba ule ule na miezi ile ile iliyobaki, akilipa kazi ya fundi tu. Aliyehamia pasipo na huduma atoke kwa taarifa ya mwezi mmoja, arudishe vifaa, na kama kuna gharama ya kufungiwa haijarudi, iwe ni kiasi kilichotajwa kwa shilingi kwenye ukurasa wa kwanza siku anayosaini, pamoja na namna kinavyopungua mwezi hadi mwezi. Anayeingia kwenye nyumba aruhusiwe kuuchukua mkataba wa anayetoka wakikubaliana, na waya uliokwishafungwa usitozwe ada ya kufungwa mara ya pili. Mkataba uwe kwa Kiswahili. Na mpangaji apewe nafasi ya kuchagua mkataba wa miezi 12 au chini ya hapo, hata kwa bei ya juu kidogo. Wengi wetu tungeilipa hiyo bei ya juu tukijua tunachokilipia.

Wizara ya Zanzibar ninaiomba jambo lake pekee. Kampuni zikiombwa ramani ya maeneo zinayofika hutoa picha yenye rangi nzuri iliyofunika kisiwa kizima. Itakayotusaidia ni ya shehia kwa shehia, inayosema kisanduku cha mwisho kipo wapi, ili mtu anayetafuta nyumba Fuoni, Kinuni, Bububu au Machomane aangalie kabla ya kumlipa dalali. Fundi aliyekuja kwangu alikuwa nayo ramani hiyo kichwani. Haiwezi kuwa siri ya biashara kitu ambacho kinaning'inia juu ya nguzo barabarani.

Ankara ya mwezi huu nimeilipa, na kwenye sehemu ya maelezo nimeandika kwamba nalipa huku nikipinga. Nitaendelea hivyo mpaka nipate jibu lenu kwa maandishi. Kwenye nakala mtakazozikuta mezani kwenu jina langu kamili na namba ya mkataba vimo, pamoja na barua za masheha wawili na risiti ya kurudisha ruta. Kifungu ninachokizungumzia kipo ukurasa wa nne, mistari mitatu ya chini.

Wenu katika kusubiri,

Mpangaji, Fuoni, Unguja